Mjumbe Namba Sita

Jumatatu, tarehe 25 Agosti

Niwie radhi, daftari. Tangu mwezi wa Machi sikukufungua. Haukuwa uvivu. Nilikuficha juu ya kabati la vyombo ili Batholomeo asikufikie, kisha nami nikashindwa kukufikia, kwa sababu ngazi aliiazima jirani yangu Silvano na hajairudisha. Leo nimepanda kiti. Goti linauma. Lakini nina hasira, na hasira isipoandikwa huvunda.

Batholomeo ni mjukuu wangu wa mwisho. Umri: mwaka mmoja na miezi kumi. Kazi: uharibifu. Mwantum, binti anayetusaidia kazi za nyumbani, amekwenda kwao Kondoa kwenye harusi ya dada yake. Alisema wiki moja, Mungu akipenda. Tangu hapo, kila anayetoka katika nyumba hii hutamka maneno mawili mlangoni. Mama wa mtoto, binti yangu Tumsifu, aliyatamka saa kumi na mbili asubuhi akikimbilia basi la watumishi liendalo Mtumba, kwenye ofisi za serikali. Abeli, mwanawe mkubwa aliye chuoni, aliyatamka akienda fildi, mafunzo yake ya kazi. Anyesi wa kidato cha nne aliyatamka bila hata kugeuka. "Babu yupo." Kana kwamba mimi ni komeo! Baba yao, Msafiri, hakuyatamka kwa kuwa yuko Kigoma na lori. Angekuwepo angeyatamka.

Nilikuwa mkaguzi wa shule kwa miaka ishirini na sita. Walimu wakuu walifunga vifungo vya shingo waliponiona nikishuka garini. Leo nimebadilisha pampasi nne.

Sasa hoja yenyewe. Jumamosi hii gari la mnunuzi linakuja Makutupora kuchukua zabibu. Robo ekari yangu inavunwa kwa mara ya kwanza. Miche tuliipanda na marehemu mke wangu miaka mitatu iliyopita. Yeye alishika mche, mimi nilifukia. Akaniambia kichala cha kwanza nikikate kwa mkono wangu, nisimtume mtu. Nikakubali. Kwa hiyo Jumamosi nitakuwa Makutupora, mkasi mkononi, mtoto nyumbani. Hilo halina mjadala. Kwa kuwa katika nyumba hii kila kitu kina mjadala, nimeitisha kikao.

Jumanne, tarehe 26 Agosti

Tangazo la kikao nililibandika kwenye jokofu. Ajenda moja: zamu za kumlea mtoto siku ya Jumamosi. Saa nne Batholomeo alivuta kigoda, akapanda, akalibandua, akala ajenda. Ilibaki tarehe.

Saa kumi na moja jioni nilipiga kengele. Ninayo kengele yangu ya shaba, niliyopewa siku ya kustaafu. Hakuja mtu. Tumsifu alituma ujumbe kwamba ana ripoti. Abeli alisema yuko bize. Bize! Nilikaa mezani na kalamu, nikaandika mahudhurio: mmoja. Aliyeitika kengele ni Silvano, kichwa juu ya ukuta, akiuliza kama kuna moto.

Silvano alikuwa karani wa stesheni. Shamba lake Makutupora limepakana na langu, na hilo ndilo kosa kubwa la aliyegawa viwanja. Nilimweleza kwamba ninasubiri akidi. Akatafuna kijiti chake cha meno, akaniambia, "Mwalimu, zabibu hazisubiri kikao." Batholomeo akamnyoshea mikono akiita, "Siva! Siva!" Mimi, ninayempa uji, hajaniita jina lolote hadi leo.

Jambo moja limefanikiwa. Nimeanza kumfundisha nidhamu. Nikisema "Nani?", anyoshe mkono. Nani anataka uji? Mkono. Nani anataka maji? Mkono. Kila akinyosha, biskuti. Alielewa ndani ya dakika kumi. Nimewahi kukagua madarasa ya sita yaliyochukua muhula mzima.

Jumatano, tarehe 27 Agosti

Asubuhi Batholomeo alitia simu yangu katika ndoo ya maji. Alifanya hivyo kwa utulivu, kama mtu anayetimiza agizo. Sasa simu imo ndani ya mchele, na mchele ulikuwa wa chakula cha mchana.

Nimeandika katiba ya familia. Kurasa mbili. Wajumbe wa kikao ni wote wanaoishi katika nyumba hii. Akidi ni nusu ya wajumbe. Nikahesabu: mimi, Tumsifu, Msafiri, Abeli, Anyesi. Watano. Nusu ya watano ni mtu asiyekamilika. Ndipo nilipopata fikra iliyonifurahisha kwa mara ya kwanza wiki hii. Batholomeo naye anaishi katika nyumba hii! Nikamwandika: mjumbe namba sita, mwenye haki zote. Akidi sasa ni watatu.

Saa kumi na moja Anyesi aliingia kunywa maji. Nikafunga mlango wa jikoni. Mjumbe namba sita alikuwa juu ya poti yake. Mimi nilikuwa mwenyekiti. Akidi imetimia! Nilisoma azimio: Jumamosi mtoto atalelewa na Abeli asubuhi na Tumsifu mchana. Anyesi aliuliza kama anaweza kwenda. Nikaandika kwamba hakuna aliyepinga. Kikao kilidumu kwa dakika tatu. Azimio nimelibandika kwenye ubao nilioufunga kwa kamba, juu, karibu na dari.

Alhamisi, tarehe 28 Agosti

Uasi.

Tumsifu amesoma azimio kwa kuinua shingo, akalikataa. Anasema hakupewa taarifa. Nikasema taarifa ililiwa. Anasema Jumamosi wameitwa kazini wote, ripoti lazima itoke, na asipokwenda nafasi yake itakaliwa na mwingine. Abeli anasema Jumamosi ni fainali ya mpira na yeye ndiye golikipa. Nikamuuliza golikipa ana faida gani kwa taifa. Akasema faida ya golikipa huonekana asipokuwepo. Sikupenda jibu hilo.

Tumsifu ametaka kikao halali, kesho, saa kumi na mbili jioni, cha kura. Nimekubali upesi mno mpaka akanitazama.

Lakini sikutegemea kura peke yake. Mchana nilimpeleka mtoto kwa Silvano, nikasema ninakwenda Majengo kununua kamba, nitarudi baada ya saa moja. Nia yangu ilikuwa kumzoesha ili Jumamosi abaki huko na Silvano akose kuvuna. Mpango safi. Sikufika hata barabara kuu. Silvano alinifuata kwa bajaji, mtoto mapajani, akasema Batholomeo amefungua banda na kuku wote wako kwa jirani wa tatu. Mtoto alirudishwa ndani ya dakika ishirini. Ngazi haijarudishwa kwa miezi mitano.

Nimebaki na kura. Hesabu ni hii. Msafiri hayupo, kwa hiyo tuko watano. Tumsifu na Abeli watapinga. Mimi nitaafiki. Anyesi ataafiki: nimemwondolea zamu ya vyombo kwa wiki mbili. Alidai mwezi mzima, tena kwa maandishi. Nimetia sahihi. Binti huyu atafika mbali na sitamsindikiza. Hizo ni kura mbili kwa mbili. Na kura ya tatu? Mjumbe namba sita. "Nani anaafiki?" Mkono juu. Jioni tumefanya mazoezi mara thelathini. Hakukosea hata mara moja. Biskuti zimekwisha.

Ijumaa, tarehe 29 Agosti

Naandika haya nikikandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka.

Wote walikuja. Abeli alikuja na viatu vya mpira miguuni. Nilipiga kengele, nikasoma hoja kwamba mimi niende Makutupora peke yangu na mtoto alelewe nyumbani kwa zamu. Abeli akauliza kama mtoto anapiga kura. Nilikuwa nikilisubiri swali hilo! Nikamfungulia kumbukumbu za Jumatano, nikamsomea kwa sauti: mjumbe namba sita, mwenye haki zote. Tumsifu akaomba nirudie. Nikarudia. Akaomba iandikwe kwamba nimerudia. Nikaandika.

Nikavuta pumzi. Nikahoji, "Nani anaafiki?"

Wakati uleule, na ninasema wakati uleule, Tumsifu alitoa biskuti mbili mkobani, akamtia mtoto moja katika kila mkono. Mjumbe namba sita hakunyosha chochote. Alikuwa na kazi. Mkono wangu, mkono wa Anyesi. Mbili.

Nilichelewesha. Nilisoma tena hoja. Nikakohoa. Nikauliza kama kuna ufafanuzi. Abeli akasema mwenyekiti aendelee. Biskuti zikaisha. Nikalazimika kuhoji upande wa pili, na katiba yangu inataka maneno yawe yaleyale.

"Nani anapinga?"

Mikono miwili! Yote miwili, juu kabisa, na chenga za biskuti zikimdondokea kichwani. Tumsifu, Abeli, Batholomeo. Tatu kwa mbili.

Nikasema kura hiyo imenunuliwa. Tumsifu alikuwa akimpangusa mtoto mdomo. Hakupandisha sauti. "Baba, mjumbe umemwandika wewe. Na biskuti nimejifunza kwako."

Kisha akatoa hoja yake mwenyewe: Babu aende Makutupora, aende na Batholomeo. Ilipita kwa kura nne dhidi ya moja. Anyesi aliafiki. Nilimkumbusha kuhusu vyombo. Akasema mkataba ulihusu hoja ya kwanza tu. Niliusoma. Ni kweli.

Jumamosi, tarehe 30 Agosti

Bajaji hadi Makutupora, mtoto mapajani, mkasi mfukoni. Njia nzima mtoto alimpigia dereva kelele ageuze. Tumsifu alinifungashia uji, pampasi, na kanga ya marehemu mama yake. Sikuuliza ya nini.

Nilijua ya nini nilipofika. Batholomeo chini shambani ni hatari: alikula udongo, akavuta mpira wa maji, akakaa juu ya kreti ya Silvano. Hilo la mwisho sikulizuia haraka. Ikabidi nimbebe mgongoni. Mkaguzi wa shule! Vibarua wanawake waliacha kuvuna ili watazame. Mama mmoja mzee alinisalimu kwa Kigogo, mbukwenyi, akanizunguka kama anayekagua ng'ombe mnadani. "Mwalimu, mtoto habebwi kama mkoba wa vitabu." Akafungua kanga, akaifunga upya. Kwa kweli ilishika.

Kichala changu nilikuwa nimekichagua tangu Julai. Mstari wa tatu, chini ya jani pana, cheusi, kizito. Nilisimama mbele yake. Nikavua kofia. Nilikuwa na maneno machache ya kusema, si lazima niyaandike. Nikaushika mkasi, nikaunyanyua.

Mkono ukapita juu ya bega langu. Ulinyoka barabara, kama nilivyoufundisha. Ukakamata kichala, ukakivuta, kikanyofoka na kijiti chake. Kabla sijageuza shingo, nusu ilikuwa mdomoni mwake na maji ya zabibu yakishuka ndani ya kola yangu.

Miaka mitatu! Nilipiga kelele mpaka ndege wakaruka kwenye mistari ya Silvano. Nikasema niliahidi kichala cha kwanza kikatwe kwa mkono wangu, niliahidi, na sasa ahadi imeliwa. Vibarua waliweka kreti chini ili wacheke vizuri. Yule mama mzee hakucheka. Aliniuliza, "Kwani mkono huo si wako?"

Nikamjibu kwamba mkono wangu ni huu, wenye mkasi.

Akarudi kwenye mstari wake. Marehemu mke wangu angecheka mpaka akae chini. Mimi sikucheka. Nilikata vilivyobaki, mtoto akilala mgongoni na kunitilia mate shingoni. Kreti kumi na moja. Silvano, kumi na tano. Lakini mnunuzi alipopima sukari, zabibu zangu zilizizidi zake! Akasema ni kwa sababu mtoto ameshakula zilizokuwa chachu.

Nilirudi jioni. Mwantum alikuwa barazani akichambua mchele. Amefika tangu saa tatu asubuhi. Anasema alinitumia ujumbe Alhamisi kwamba anarudi Jumamosi mapema. Akashangaa kukuta simu yangu ndani ya mchele anaouchambua.

Jumatatu, tarehe 1 Septemba

Nimetafakari kwa siku mbili. Nimeona kosa lilipo. Halikuwa katika katiba. Halikuwa katika kumwandika mtoto. Kosa lilikuwa kuruhusu biskuti zishikwe na upinzani.

Oktoba nina kazi ya kupogoa, siku mbili, na Mwantum tayari anazungumzia arobaini ya mtoto wa shangazi yake. Kwa hiyo nimeitisha kikao Jumamosi ijayo. Nimenunua pakiti kumi na mbili. Aidha, mjukuu wa Silvano, Paulina, ana miaka miwili na jana alininyoshea mkono bila kupewa chochote. Nitarekebisha katiba, nimwandike mjumbe namba saba. Batholomeo ataiga. Kura nne dhidi ya mbili, mradi Anyesi asisaliti. Sioni kinachoweza kuharibika.

Silvano anasema ataleta ngazi nikimwalika kikaoni. Nimekataa.

Asubuhi, nikiandika haya, Batholomeo alisimama mlangoni na kuniita. Aliniita "Siva". Nimemsahihisha mara nne.

Biskuti nimezipandisha juu ya kabati la vyombo kwa kutumia kiti, na kiti kimevunjika mguu baada ya hapo. Nawe nakurusha huko huko, daftari, asikufikie. Uamuzi wa Jumamosi ukishapatikana, nitaandika.