Chini ya Kitanda cha Mama Oresta

Jamani, leo sina pa kuuweka uso. Nimekutwa chini ya kitanda cha mke wa mtu, hapa hapa Majengo, tumbo wazi, nikibembeleza. Nimekimbilia intaneti kafe niwaandikie kabla hamjasikia kwa wengine. (Songea habari haimsubiri mwenyewe.)

Nianze asubuhi. Mnajua naishi na Rosa. Ndiyo, yule paka. Daktari mmoja wa mifugo, mzungu wa kujitolea, alipomaliza mkataba aliniachia. Akasema, "Ni mzee, ana kisukari, figo zimechoka, lakini ana roho nzuri." Hiyo roho nzuri bado naitafuta. Nilidhani ni paka wa kuota jua tu. Kumbe nimepokea wodi nzima! Sindano asubuhi, sindano jioni. Maji anakunywa kama ng'ombe, na yakitaka kutoka yanatoka popote.

Dawa yake inataka baridi, nami sina friji. Jirani yangu Mama Oresta anayo, anauza barafu. Kwa hiyo kila asubuhi na kila jioni napiga hodi kwake, naingia, natoka. Mumewe, Baba Oresta, siku nyingi huwa Namtumbo kwenye kazi ya kununua tumbaku. (Mmeshaona ninakoelekea? Mimi sikuona.)

Leo asubuhi nikamchoma Rosa kama kawaida. Akishachomwa lazima ale. Asipokula, sukari inashuka mpaka anazimia. Nikamwekea samaki wa kuchemsha. Akanusa. Akanitazama kama mgeni aliyeletewa kiporo. Akageuka, akalala. Nikasema atakula baadaye, nikaenda kufungua kibanda changu cha mitumba.

Sikutulia. Mteja anauliza bei ya suruali, mimi natazama njia ya nyumbani. Mwingine kanunua shati, nikamfungia blauzi. Nakaa, nasimama, nakaa tena. Mwishowe nikafunga kibanda, nikarudi mbio.

Samaki yupo. Rosa hayupo!

Nikatafuta uani, nyuma ya choo, kwenye kuni. Hola. Nikafika kwa Mama Oresta, mlango uko wazi. "Hodi!" Kimya. "Hodi humu!" Kimya. (Alikuwa mashineni kusaga, nimejua baadaye.) Mara nikasikia kimlio chembamba, kinatoka chumbani.

Ningefanyaje? Nikavua viatu, maana nimelelewa vizuri, nikaviacha mlangoni. Nikaingia chumbani, nikalala kifudifudi, nikajisukuma chini ya kitanda. Huyo hapo nyuma ya sanduku, kalegea, anatetemeka, wa baridi. Nikavua shati nikamfunika. Mfukoni nilikuwa na kichupa cha asali, kama daktari alivyonifundisha. Nikachovya kidole.

"Lamba, mama," nikamnong'oneza. "Kidogo tu, mpenzi wangu. Haya, tena kidogo. Usinifie humu, watu watasema nini?"

Nilikuwa naogopa kwelikweli. Hata nilisahau niko nyumba ya nani.

Mlango ukagonga ukuta.

"Tokeni!" Sauti ya Baba Oresta! Karudi bila taarifa, kakuta viatu vya mwanamume mlangoni kwake. "Tokeni wote wawili!"

Nikatoa kichwa. Baba Oresta kashika mchi. Nyuma yake kasimama Mama Komba, mwenyekiti wa jumuiya yetu, kavutwa na kelele. Akili ikaniruka. Kilichobaki kichwani ni adabu tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu, ndipo akashtuka. "Yesu na Maria! Shati lako liko wapi?"

"Kalivaa yeye," nikasema.

(Jamani, ndiyo ulikuwa ukweli.)

"Yeye nani?" Baba Oresta akainua mchi. Hapo hapo Mama Oresta akatokea, ndoo ya unga kichwani. "Kuna nini chumbani kwangu?"

Mumewe akamtazama. Akatazama kitanda. Akamtazama tena.

"Sasa," akasema polepole, "huko chini kuna nani?"

Nikamvuta Rosa. Akachomoza kwenye shati langu, asali mpaka masikioni, macho yamefunguka. Kapona! Nilitaka kulia kwa furaha, mchi au hakuna mchi. Nikaeleza yote: kisukari, figo, sindano, friji. Baba Oresta akasikiliza mpaka mwisho.

"Paka?"

"Paka."

"Ana kisukari?"

"Na figo."

Akaweka mchi chini, akaketi kitandani kama mtu aliyefiwa. "Afadhali ningekufumania na mke wangu," akasema. "Hilo ningejua pa kulipeleka."

Mama Oresta alicheka mpaka akatua ndoo. Mama Komba alicheka kashika ukuta. Dirishani kumbe majirani walishajaa, nao wakapokea. Na Rosa, nguvu zilipomrudia, akatembea taratibu hadi kwenye begi la safari la Baba Oresta, akachuchumaa, akalilowesha lote.

Sasa hivi ameshakula samaki wote. Yuko hapa kwenye kikapu, miguuni mwangu, maana simwachi tena. (Jamaa wa kompyuta ya pili ameanza kunusanusa.) Dawa itaendelea kukaa friji ile ile, ila Baba Oresta katoa amri: kuanzia leo jioni napewa kupitia dirishani.

Nimejifunza: ukimbembeleza paka, bembeleza kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Na ninyi nawaomba msicheke. Kesho ni Jumapili, wa kunicheka watanitosha kanisani.