Malalamiko Juu ya Kitovu Kilichozikwa Uani Kwangu

Ndugu Mwenyekiti wa Kitongoji, Bi. Secilia,

Shikamoo. Najua tulisoma darasa moja, ukawa unanakili hesabu zangu na tukakosa wote. Lakini cheo ni cheo.

Naomba uwaondoe watoto watatu katika vyumba vyangu vya uani. Wazazi wao, Zabron na Yunis, wabaki. Ni wapangaji wazuri na mkataba una majina yao. Watoto hawakusaini. Sheria inasema mtoto ana haki ya makazi, nami sipingi, ila haijasema lazima yawe kwangu. Notisi ya mwezi nimeshawapa, watoto peke yao.

Sababu zangu:

1. Wananiamkia. Kila asubuhi shikamoo tatu dirishani, na kila moja inadai marahaba yake. Chai inapoa, na baridi yetu ya mwezi wa saba unaijua.

2. Wanarefuka bila kuniarifu. Kila mwaka baba yao anachonga alama kwenye fremu ya mlango wangu. Kwa mwendo wa Abrahamu, mkubwa wao, fremu haitatosha.

3. Hili ndilo limeniuma. Beatha, wa miaka mitano, alizaliwa humo ndani. Kitovu chake kilipodondoka, mama yake alikizika chini ya mgomba wangu, bila kibali cha maandishi. Juzi nikamkuta anawaambia wageni wangu, "Karibuni kwetu." Nikamweleza taratibu kwamba hapa ni kwangu. Akauliza, "Babu, kitovu chako kilizikwa wapi?" Nikasema Mponde, kwenye shamba la chai la marehemu baba. Akanitazama kwa huruma. "Basi wewe mgeni. Lakini kaa tu, hatukufukuzi."

Mwenyekiti, hati ya kiwanja ninayo, tena nimeitia plastiki. Nimeuliza wazee watatu. Wote wako upande wa mtoto. Basi kitovu kifukuliwe, au na mimi niandikiwe mkataba wa kupanga, nijue miezi yangu.

Wasalimie wote nyumbani, pamoja na yule mbuzi aliyekula kabichi zangu. Sina kinyongo.

Wako ninayengoja haki,
Hashimu Shemweta
Mwenye nyumba (kwa sasa)

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, nimeambiwa Zabron amesema watoto wakitoka na yeye anatoka. Gari la kuhamia kule Mnazi linakuja Jumamosi, na Yunis ameshaanza kufunga vyombo. Tafadhali niandikie leo hii kwamba nimeshindwa kesi, na upige muhuri. Nikienda mikono mitupu kuwaambia wabaki, wataona sina msimamo. Nikiwa na muhuri wako, nitasema nimelazimishwa, na nitanuna kidogo.