Mteremko wa Chaga

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Binti yangu hakai nyumbani siku hizi. Akitoka shule anakamata ubao wake wa magurudumu, mbio kwa mjomba wake. Shemeji yangu huyo ni seremala, na amemjengea mteremko wa mbao uani kwake. Mzuri ajabu, wanasema. Sijauona wala sina haja. Leo mezani ikawa mjomba kasema hivi, mjomba kafanya vile. Nikauliza, na baba je? Akajibu kwamba baba hajui hata kupigilia msumari. Mke wangu akacheka mpaka akapaliwa. Iliniuma. Haya! Kabla ya wiki kwisha nitajenga wangu, na mtoto atacheza kwa baba yake.

Jumanne, tarehe 5

Kumbe mteremko lazima upinde, na mbao haipindi. Nimeiloweka moja bafuni kutwa nzima. Bado imenyooka, ila sasa imelowa. Mke akauliza ataoga wapi. Watu wengine wamezaliwa kukatisha wenzao tamaa.

Jumatano, tarehe 6

Nimejipongeza mwenyewe, maana hakuna mwingine wa kunipongeza. Nimeinua godoro la chumba cha wageni. Chaga zote, zile mbao za kubeba godoro, zimepinda katikati! Miaka yote hiyo wageni walikuwa wakilala huku wananifanyia kazi. Nimezing'oa. Mahali pake nimepanga maboksi matupu, godoro juu, shuka safi. Wageni wenyewe wako wapi?

Alhamisi, tarehe 7

Mama mkwe anakuja kesho. Nikapendekeza alale kwa mwanawe seremala, kwenye nafasi. Mke akaniuliza kama nimeshamchoka mama yake. Nimeongeza boksi moja.

Ijumaa, tarehe 8

Umekamilika! Mama mkwe alifika mchana, akautazama, akaguna, akaenda kujinyoosha. Binti akapanda mteremko, akajiachia. Chaga zikanesa, zikamrusha mpaka kwenye kamba ya nguo. Akainuka amejifunika shuka. Hakulia. Akasema si mbaya, baba, kisha akauliza taratibu kama mjomba anaweza kuja kuutazama. Kuutazama tu. Nilitamani ardhi inimeze. Badala yake kitanda kikammeza mama mkwe. Kishindo tulikisikia wote uani.

Jumapili, tarehe 10

Mama mkwe hakuumia popote isipokuwa heshima. Amehamia chumbani kwetu, mimi nikahamia kwenye maboksi. Jana shemeji alikuja na mkoba wake wa zana, akabomoa mteremko, akarudisha chaga kitandani. Hakunisema hata kidogo. Alipiga mluzi tu, mshenzi yule. Binti alimshikia misumari.

Baadaye akaja kukaa karibu nami. Akaniambia nisijali, mteremko wangu ulikuwa mrefu kuliko wa mjomba. Mrefu kuliko wa mjomba! Kasema mwenyewe, sikumlazimisha.

Mama mkwe ameapa halali tena nyumba hii. Kesho namrudisha kwake na mizigo yake, na mke ameniagiza nimwombe radhi njiani. Nitamwomba, tena kwa unyenyekevu mkubwa, mpaka anikaribishe ndani. Kitanda chake nakijua. Ni kikuukuu kuliko chetu, na marehemu baba mkwe alikuwa pande la mtu. Chaga zile lazima zimepinda barabara.