Kigae Nilichomzikia Gaspare

Jumatatu, 5 Mei
Gaspare anajenga ghorofa! Pua na mdomo na mgahawa wangu! Chini meza, juu baraza ya kutazama bonde. Bonde ninalowauzia wateja mimi, pamoja na tambi! Akimaliza, nimekwisha. Asubuhi kapita akaniuliza, eti jirani, mbona umenuna, au tambi zimeungua tena? Cheka tu, Gaspare. Hunijui.

Jumanne, 6 Mei
Nimepata dawa yake. Marehemu babu alituachia vigae viwili vya mtungi wa Kirumi. Alivifukua shambani akanyamaza. Mke wangu Ersilia anavitumia kuzuia mlango wa jikoni usijifunge. Na mji huu kila mtu anajua: fundi akikuta hata kigae, sururu chini, watu wa Mambo ya Kale wanaitwa, na ujenzi unalala miaka. Basi baada ya chakula cha mchana, mji mzima umefunga madirisha unakoroma, nimeruka ukuta nikakizika kimoja kwenye msingi wa Gaspare. Kazi safi! Ersilia kauliza huo udongo masikioni ni wa nini. Nikasema bustani. Hatuna bustani.

Ijumaa, 9 Mei
Kimeonekana! Kaja Dokta Loredana wa Mambo ya Kale, kofia hadi machoni, kazungushia utepe kiwanja chote. Gaspare kashika kichwa. Nimempelekea kahawa na kumpa pole kwa sauti ya msibani. Nilikuwa mzuri mno, nusura nilie kweli.

Jumatano, 14 Mei
Mwanamke huyu hajui kuacha! Kachimba chini ya kigae changu, kakuta sakafu. Ya kweli! Picha za Kirumi za vijiwe vya rangi: pweza, samaki walionona kuliko wangu. Na haiishii kwa Gaspare. Inapita chini ya ukuta kuja huku. Dokta kabisha hodi kwa adabu zote, akauliza jiko langu liko wapi. Nikamwambia mgahawa huu hauna jiko. Papo hapo Ersilia akapiga kelele kutoka jikoni kwamba vitunguu vinaungua.

Jumapili, 22 Juni
Jiko halipo tena. Pana shimo, na ndani yake pweza ananitazama. Wageni wanapanga foleni kumwona, na wote wanakula mikate ya Gaspare! Kapewa kibali cha kuuza vitafunio mlangoni. Leo kanipiga begani akasema, jirani, Mungu amlaze pema Mrumi aliyesahau kigae chake. Ersilia hasemi nami. Lile lilikuwa jiko la mama yake. Imeniuma, sikatai.

Lakini kushindwa? Mimi? Gaspare sasa anataka kujenga banda la kahawa upande wa pili wa nyumba yetu. Kigae kilichobaki ninacho mfukoni, maana mlango wa kuzuia haupo. Watu wameshakula, madirisha yamefungwa, wanakoroma. Na safari hii hakuna hatari yoyote: kiwanja kile kinapakana na chumba chetu cha kulala tu.