Mtambo wa Jua wa Mandewa

Jumatatu, 8 Juni 1998

Alhamdulillahi! Mtambo umesimama. Paneli nne za sola juu ya kichanja, uani kwangu, mbuzi hawafiki. Gharama: ng'ombe mmoja wa mke wangu Hanifa. Hajui bado. Ng'ombe alikuwa kwa kaka yake Ikungi, na Ikungi ni mbali. Jua lenyewe bure! Jirani yangu Kitwana ana jenereta inayolewa mafuta kutwa. Kanicheka. Acheke. Mzee Luqmani nimempa shikamoo tatu mfululizo mpaka kakubali: Jumamosi, harusi ya bintiye Fatu, taa na muziki vitatoka kwangu. Zikiwaka, mtaa mzima utanunua umeme wangu. Zikizimika, nitahama.

Jumanne, 9 Juni

Balbu imewaka jioni nzima! Hanifa kauliza imetoka wapi. Nikasema juani. Akasema anaulizia hela. Nikakohoa sana.

Jumatano, 10 Juni

Fedheha! Nimerudi msikitini nikakuta jirani yetu mama Stumai ameanika majani ya mlenda juu ya paneli. Eti jua la kutosha, na kuku hawapandi. Nilitaka kufoka. Halafu akili ikanijia: kila anayeanika aniachie bakuli moja la mlenda. Kakubali! Umeme sijauza, mapato yameanza. Kitwana ataanika nini juu ya jenereta?

Ijumaa, 12 Juni

Wanawake wamejaa uani. Paneli hazionekani, kijani kitupu. Raha iliyoje! Ila betri ya mtambo inasuasua. Namshuku Kitwana. Nimeitia betri kufuli.

Jumapili, 14 Juni

Jana. Taa ziliwaka, muziki ukalia, nikasimama pale watu wanione. Bibi harusi akatoka. Vigelegele. Kabla hajakifikia kiti, giza! Muziki ukaguna, ukafa. Mzee Luqmani kaniita kwa jina langu, la baba na la babu, yote mbele ya wakwe. Jenereta ya Kitwana ikanguruma nyuma ya nyumba. Kumbe alishaileta tangu mchana! Hasidi hana soni. Nikajificha na sinia langu la pilau. Pilau nzuri, sikatai. Hapo ndipo shemeji wa Ikungi aliponipata, akanisalimia kwa furaha, akamwita Hanifa, akamuuliza yule ng'ombe aliuzwa bei gani. Nimelala sebuleni.

Jumatatu, 15 Juni

Hanifa kapeleka mlenda wangu wote sokoni. Karudi ametulia, kanipikia ugali, hata kaniita baba Zabibu. Nimeshiba, moyo mweupe, nimekaa chini ya kichanja kutafuta kosa lilikuwa wapi. Nimeliona! Paneli nne ni chache mno. Mama Stumai mwenyewe analalamika kwamba nafasi haitoshi, wenzake wanarudi na mlenda mbichi. Zikiwa nane, wote wataenea, na umeme utakuwa maradufu.

Ng'ombe wa pili wa Hanifa, nasikia, amenenepa sana. Kesho alfajiri naelekea Ikungi.