Mfereji wa Maji ya Udhu

Jumamosi, 3 Januari 2026
Tumepata shamba! Si kubwa. Kipande nyuma ya msikiti wetu hapa Namakwekwe, kama chumba tulichopanga na veranda yake. Ardhi ni ya msikiti, na mgawaji ni Hajati Fatumah, mwenyekiti wa kamati. Sharti lake: tarehe 17 atapita kukagua. Kipande ambacho hakijaota kitu, anapewa mwingine. Watu wakaguna, na jua hili la Januari. Hajati akasema mvua ikinyesha kila mtu ni mkulima, yeye anamtafuta mkulima wa kiangazi.

Mke wangu Juwairiya ameomba kipande hiki tangu binti yetu Zaituni hajazaliwa. Leo ameniita Afande. Mtaa mzima huniita hivyo kwa sababu ya babu yangu askari, lakini yeye huniita hivyo akifurahi tu. Amenikabidhi mbegu za dodo, mchicha ule wa shina jekundu, alizopewa na mama yake kule Buwenge. Hizo hazipatikani sokoni. Zikipotea, kasema, nitapanda gari mwenyewe kwenda kumweleza mama mkwe. Nimemwambia asiwe na wasiwasi.

Jumapili, 4 Januari
Tumelima. Yaani Juwairiya amelima, mimi nimesimamia. Kipande kilicho chini ya chetu ni cha Shafik, fundi cherehani, mtu ambaye hata akipiga chafya watu humsifu. Amekwatua kidogo, akaketi kivulini. Anamsubiri Mungu, anasema. Akaniuliza maji nitayatoa wapi. Nikaendelea kusimamia. Mambo ya kitaalamu hayasemwi ovyo.

Jumanne, 6 Januari
Wazo! Waumini wanatawadha kutwa nzima na maji yote yanaishia mtaroni. Hasara tupu. Nimechimba mfereji kutoka kwenye mabomba ya msikiti hadi shambani. Maji yenye baraka ndani yake, nani ana mbolea kama hiyo?

Mbegu nimezimwaga juu juu, kama mtu anayetia chumvi. Juwairiya alichota kidogo kwanza, akazifukia kwenye kona ya juu, akazifunika kwa nyasi. Anataka kuzimwagilia kwa jerikeni. Nimemwachia. Kila mtu na ushamba wake.

Alhamisi, 8 Januari
Janga. Maji yanafika nusu ya mfereji, udongo unayanywa. Wazee wetu wanatawadha kwa uchoyo wa ajabu, kikombe kimoja mtu kamaliza mwili. Nilimshauri mmoja arudie miguu. Akaniuliza kama nimetumwa na malaika.

Kesho Ijumaa, msikiti utajaa. Lakini hata wakijaa, kila mtu atatawadha mara moja tu. Je, wakitawadha mara mbili? Nimecheka peke yangu mpaka Juwairiya akaniuliza kama nina homa.

Ijumaa, 9 Januari
Mpango umefaulu kupita kiasi.

Kabla ya hotuba nilimwinamia jirani yangu wa safu. Nikamnong'oneza kwamba mmoja wetu hapa udhu umemtoka, ila kwa heshima simtaji. Neno likasafiri. Kila mtu akaona akibaki ameketi atadhaniwa ndiye, na kwamba anataka kuswali hivyo hivyo. Akainuka mmoja, wakainuka watatu, ikainuka safu nzima, kisha safu za nyuma. Mabomba yote yakafunguliwa kwa mpigo. Nikabaki peke yangu kwenye mkeka, nasikiliza maji yangu yakikimbia.

Wakarudi wakanikuta nimekaa. Sasa Namakwekwe yote inaamini ni mimi, na kwamba sina hata haya ya kwenda kuosha.

Baada ya swala nikakimbilia shambani. Maji yalikuja yote pamoja. Yamesomba udongo wa juu, yamesomba mbegu, yamepita nazo hadi kwa Shafik. Kwangu limebaki tope. Maji yakimwagika hayazoleki. Juwairiya nimemwambia shamba limeshiba.

Jumatano, 14 Januari
Kwa Shafik kumeota! Miche myekundu, imejaa tele, na mtu mwenyewe hajapanda hata punje. Watu wanakuja kumpongeza kwa dua yake. Nikamwambia ule ni mchicha wangu. Akaniuliza kwa upole mno: "Afande, sasa mchicha yako nafuata nini huku kwangu?" Jibu ninalo, ila halisemeki karibu na msikiti.

Jumamosi, 17 Januari
Hajati Fatumah amepita. Shafik kasifiwa. Kisha Hajati akafika kwetu, akatazama tope lililokauka na kupasuka. Juwairiya alikuwa ameshika jembe kwa mikono miwili, macho kwenye tope. Roho iliniuma, nakiri. Nikaanza kueleza habari za ndege wanaohamisha mbegu.

Juwairiya hakuningoja. Alimwongoza Hajati hadi kona ya juu, akafunua nyasi. Mstari mzima wa mchicha, mwekundu, umesimama wima. Kumbe jerikeni zile za kila alfajiri. Hajati akainama, akaugusa, akasema kipande kinabaki, ila kwa jina la Juwairiya. "Na huyu bwana yako," akamwambia, "asiguse tena maji."

Ndipo Juwairiya akageuka, akautazama mchicha wa Shafik. Akayatazama mashina. Kisha akanitazama mimi. Jumatatu nasafiri kwenda Buwenge.

Jumapili, 18 Januari
Nafunga mfuko. Juwairiya hasemi nami, na jembe kalificha. Nimepata nafasi ya kulitafakari kosa langu kwa utulivu, kama mtu mzima. Nimeliona. Mfereji ulikuwa mwembamba, na haukuwa na kingo.

Mwezi ujao ni Ramadhani. Tarawehe kila usiku, waumini hadi barazani, na wote lazima watawadhe. Maji mengi kiasi hicho hayawezi kuachwa bila mtaalamu. Nimeshaazima jembe kwa Shafik.