Mkazi wa Ng'ambo Anaomba Kwenda Ng'ambo

Justus Lugembe,
Mwalimu wa Kiingereza,
Kata ya Ng'ambo,
Tabora.

Kwa Ofisa wa Viza,
Dirisha la Wenza na Familia.

Ndugu Ofisa,

YAH: KUFAULU MITIHANI NISIYOTAKIWA NA KUFELI ULE NILIOTAKIWA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa ofisini kwako. Mimi huku naendelea, ingawa kuendelea kwenyewe ni kwa kujikongoja. Nakuandikia kwa Kiswahili na naomba usinione mtovu wa adabu. Nina karatasi yenye muhuri inayosema sijui Kiingereza, kwa hiyo kukuandikia kwa lugha hiyo kungekuwa sawa na kuipinga karatasi. Mimi si mtu wa kupinga karatasi.

Ili unifahamu vizuri: mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya sekondari hapa mjini. Somo hilo nimelifundisha miaka kumi na minane, kwa Kiswahili. Mke wangu Levina ni muuguzi, na tangu mwishoni mwa mwaka jana yuko kwenu anawahudumia wazee wenu katika hospitali ambayo anasema baridi yake inapita ndani ya soksi. Aliondoka hapa na mimba changa ambayo hata sisi wenyewe hatukuijua. Sasa yuko katika mwezi wake. Nataka niwepo mtoto wetu wa kwanza anapozaliwa, nimshike mke wangu mkono. Hilo ndilo ombi langu lote, na mengine utakayoyasoma hapa chini ni hasira tu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu neno ng'ambo. Mtandaoni kuna ukurasa wa kumsaidia mwombaji kuchagua mtihani wa Kiingereza unaomfaa. Unajibu maswali, mwishoni unatajiwa mtihani wako. Mimi, mwalimu wa Kiingereza, niliufungua ukurasa huo kwenye simu, nikabonyeza utafsiriwe kwa Kiswahili ili niwe na uhakika. Swali la kwanza likauliza kama mwombaji anaishi nchini kwao au ng'ambo.

Ndugu Ofisa, mimi nimezaliwa Ng'ambo. Nimekulia Ng'ambo, na kibanda cha marehemu baba cha kushonea viatu kiko Ng'ambo mpaka leo. Ni kata hapa Tabora, yenye mafundi cherehani, maseremala, na mashine ya kusaga inayoanza kelele kabla mtu hajanawa uso. Nikajibu Ng'ambo. Likauliza nimeishi huko muda gani. Nikajibu tangu kuzaliwa. Likauliza kama nina ndugu huko ng'ambo. Nikacheka peke yangu, maana nusu ya ukoo iko mtaa wa pili. Basi nikapangiwa mtihani wa wageni waliokwisha kulowea nchini kwenu na wanaotaka kuongezewa muda wa kukaa.

Nikapanda basi hadi Dar es Salaam kuufanya. Nilisikilizishwa sauti ya mama mmoja akimlalamikia mwenye nyumba kwamba bomba la joto limeziba. Nilimwonea huruma yule mama kutoka moyoni, nikajibu kila kitu, nikapata alama za juu. Ndipo nikaandikiwa kwamba cheti hicho hakimhusu mtu anayeomba akiwa kwao. Najua utasema kosa ni langu. Ni kweli herufi kubwa na herufi ndogo ni vitu viwili, na mimi ndiye ninayewafundisha watoto wa kidato cha kwanza jambo hilo, kwa chaki ya rangi kabisa. Lakini ukurasa uliniuliza ninapoishi, nami nikasema ukweli. Tangu lini ukweli ukampeleka mtu kwenye mtihani wa jirani?

2. Kuhusu shemeji yangu. Xavery, kaka yake Levina, anafanya kazi halmashauri kule Isikizya, na kwa sababu hiyo anajua taratibu za serikali zote duniani. Alinishauri nisihangaike na mitihani midogo. Alisema nichukue ule mkubwa kuliko yote, wa wanaokwenda kusoma chuo kikuu, maana cheti kikubwa kinameza kidogo. Nikamwamini. Nikapanda basi tena. Nilipewa mchoro unaoonyesha jinsi pengwini wanavyopungua mwaka hadi mwaka, nikatakiwa niueleze. Pengwini sijawahi kumwona hata kwa mbali, ila nilimwombolezea kwa aya nne zenye viunganishi vyote ninavyovijua. Nikafaulu tena.

Jibu likaja kwamba cheti ni kizuri sana, hongera, ila hakimo kwenye orodha ya wenza. Mwenza anatakiwa afanye ule mdogo kuliko yote, wa kusikiliza na kuzungumza tu, ngazi ya chini, ya mtu anayeweza kununua mkate na kuuliza njia. Nilipomweleza Xavery, akasema hata yeye alikuwa na wasiwasi tangu mwanzo. Siku hizi tunasalimiana kwa kupungiana mikono, kila mtu upande wake wa barabara.

3. Kuhusu mtihani wenyewe. Huu ndio unaoniuma, na naomba uvumilivu wako.

Muda wake ni mfupi kuliko foleni ya kusagisha mahindi. Nilipanda basi mara ya tatu, nikaingia chumbani nimechomekea, nikakutana na mtahini, mama mtu mzima mwenye mvi, rika la mama yangu mzazi. Akaniuliza hali yangu. Sasa, kwetu Unyamwezini ukiulizwa hali ukajibu neno moja ukanyamaza, watu wataulizana umegombana na nani. Kwa hiyo nilijibu kwamba sijambo, nikamuuliza habari za kwake, habari za nyumbani, za watoto, za wajukuu kama wapo, na za mvua huko alikotoka. Akajibu nzuri, kwa ufupi. Nikadhani ana huzuni. Nikazidi kumchangamsha kwa kumweleza mvua za kwetu, zilivyochelewa Nzega mwaka huu hadi mama yangu akapanda karanga mara mbili.

Kisha nikataka kumpa pole ya kazi, maana alikuwa amewasikiliza watu tangu asubuhi. Neno pole, Ndugu Ofisa, katika lugha yenu hamnalo, nami nikalazimika kutumia lile la kuomba radhi. Nikamwomba radhi kwa kazi. Nikamwomba radhi kwa baridi ya kile kiyoyozi. Akaniwekea picha ya watu waliokaa bustanini, akitaka nimweleze wanafanya nini. Nikaona si ungwana kuzungumzia watu wa kwenye picha wakati sijauliza habari za mume wake. Akasema mume wake alishafariki. Nikamwomba radhi kwa hilo pia, na kwa msisitizo. Akaniangalia sana, akaniuliza ni kosa gani hasa nililolifanya. Nikasema sijafanya kosa lolote. Akaandika kitu.

Kengele ikalia. Ndiyo kwanza nilikuwa nahamia kwenye habari za mifugo.

Karatasi inasema mtahiniwa hakujibu maswali, bali aliyauliza. Mimi nasema kama kuna mahali pa kupimia adabu, pale ningepata zote. Wanafunzi wangu wamesikia. Sijui wamesikiaje, ila Jumatatu niliposimama mbele ya darasa nikawauliza hali zao, binti mmoja anaitwa Adelina akasimama akaniuliza habari za nyumbani, za ng'ombe na za mvua, darasa zima likaangua kicheko. Nikacheka nao. Nilipofika ofisini nilikaa kwenye kiti muda mrefu bila kusahihisha daftari hata moja.

4. Kuhusu misafara. Hili si langu peke yangu, ni la mji mzima. Unaposoma barua hii, fahamu kwamba Tabora ndipo misafara yote ya zamani ilipokuwa ikitua mizigo, iwe inatoka pwani au inatoka Ujiji. Wageni kutoka kwenu walifika hapa, wakakaa Kwihara, nje kidogo ya mji, miezi na miezi, wakala kuku wetu, wakaugua homa zetu, wakauguzwa na bibi zetu. Hakuna aliyewasimamisha porini kuwauliza cheti cha Kinyamwezi. Hakuna aliyewawekea picha ya watu wanaotwanga akataka waieleze. Wengine hawakujua hata kuomba maji, walionyesha koo kwa kidole, na maji wakapewa. Naomba ukarimu huo ukatwe kwenye deni langu la Kiingereza. Nikipiga mahesabu ya kuku peke yao, nadhani mkoa mzima unaweza kuhamia kwenu bila kufungua mdomo.

5. Kuhusu mama yangu, Bi Marcelina wa Lusu, kule Nzega. Kila Jumapili baada ya ibada ananipigia simu kuniuliza ni lugha gani hiyo ambayo mtu asipoijua haruhusiwi kumwona mke wake. Anasema yeye na marehemu baba walipooana, mzee alikuwa hasemi kabisa, na walipata watoto saba.

Kutokana na hayo yote, naomba kwa heshima ofisi yako inifutie sharti la mtihani. Kama haiwezekani, naomba wewe mwenyewe uje Tabora ufanye mtihani wa Kiswahili, mtahini akiwa mama yangu. Nakutahadharisha kwamba sehemu ya salamu peke yake inaanza asubuhi na huwa haiishi kabla ya chakula cha mchana, na wanaoingia bila kuvua kofia hawapati alama. Kama na hilo haliwezekani, basi naomba ofisi imwandikie mtoto barua rasmi kumtaka asizaliwe mpaka baba yake afaulu. Iandikwe kwa Kiingereza. Yeye atakijua.

Nisalimie wenzako wote wa dirishani. Nisalimie mlinzi wa pale getini kwenye kituo cha mitihani, aliyenionyesha mlango mara zote tatu na kunitakia heri kila mara kana kwamba hajawahi kuniona. Ukikutana na yule mama mtahini, mpe salamu za pekee, wala sina kinyongo naye.

Ni mimi, mume wa Levina kwa ndoa ya kanisani, na mwalimu kwa cheti ambacho siku hizi nakitazama kwa jicho la pembeni,

Justus Lugembe.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, imebidi niifungue. Levina amepiga simu ya video. Amejifungua leo, mtoto wa kike, wote wawili wazima. Akamwelekezea mtoto simu, akaniambia nimsemeshe. Ndugu Ofisa, mwezi huu wote nimekuwa nikijifua kwa mtihani mbele ya kioo, nikijiuliza na kujijibu mwenyewe, na nilipofungua mdomo kikatoka kile nilichokikariri. Nilimwomba mwanangu, kwa Kiingereza kisicho na kosa hata moja, anitajie jina lake kamili.

Levina alicheka mpaka akajishika tumbo kwa maumivu. Kisha akasema mtoto hana jina. Wauguzi wenzake wamemuuliza tangu asubuhi waandike nani, naye amewaambia wasubiri, jina atakuja kulitoa baba yake mwenyewe akiwa amempakata. Nimelia, na sioni haya kukuandikia hivyo.

Kwa hiyo naomba uyafute malalamiko yote ya hapo juu, pamoja na yale ya kuku. Nipangie mtihani wowote utakaoona unafaa, siku yoyote iliyo karibu, nitakuja. Mtoto hana jina, na baba yake ni mimi.